Ile Yenye Nyota

Mzee wangu,

Shikamoo. Najua sitasikia marahaba, lakini miaka tisa sijawahi kuingia dukani bila kukuamkia, na sijui barua hii ningeianzaje vinginevyo. Leo ni Ijumaa, alasiri. Nimekaa kwenye kiti changu. Chako nimekisogeza ukutani na kukipangia rimu za karatasi, kwa sababu wateja walikuwa wanakikalia na mie nilishindwa kuwaambia wasikikalie.

Kesho ni arobaini yako. Kuna jambo nataka ulisikie kutoka kwangu kabla hujasomewa misa, na utanisamehe makosa ya herufi. Ungekuwepo ungeyazungushia kalamu nyekundu.

Siku ya maziko yako nilitoa wasifu usio wenyewe. Ni mie niliyeutoa. Si binti yako Joyce, si kanisa, si mtu mwingine.

Hukupenda mteja anayekuja kuandikiwa barua akaanza na hasira. "Nani, lini, wapi. Hasira tutaiweka mwishoni," ulikuwa unawaambia. Basi nami nitaanza hivyo, na nitakueleza hata yale unayoyajua kuliko mie, maana najijua, nikianza kuruka vitu nitaruka na kosa langu.

Ulikuwa karani miaka mingi, enzi za mashine za kupiga chapa, na nakala ya mwisho ya kila barua uliitia nyota kwenye kona ili bosi asije akasaini rasimu. Ulipostaafu ukafungua steshenari hii hapa Kimara, na nyota yako ukaja nayo. Kompyuta yetu ya mtumba, ambayo fundi aliiwekea mfumo wa bure, haibagui majina ya mafaili. Andika nyota, andika alama ya kuuliza, andika nukta mbili, inapokea yote. Kazi ambayo mteja hajaijibu ulitia alama ya kuuliza. Iliyokamilika ulitia nyota. Mtu akija kuchukua mkataba wake wa pango, kati ya rasimu tano ulikuwa unatoa yenye nyota bila hata kuvaa miwani.

Zenye masharti ni flashi. Ukihamishia humo faili lenye nyota au alama ya kuuliza, linakataliwa. Kinatokea kisanduku kidogo kinakuuliza uache kazi yote au uliruke hilo moja uendelee na mengine. Jambo hilo ulinifundisha siku yangu ya kwanza, kabla hujanionyesha choo kilipo. "Mvue nyota kwanza, ndipo aingie," ulisema, kana kwamba faili ni mzee wa mtaa anayetakiwa kuvua kofia mlangoni. Na sharti la pili: mteja hapewi flashi kabla hujaichomeka kwenye ile kompyuta ndogo, ukafungua, ukasoma kilichoingia. Ukasema kusoma, hukusema kuangalia.

Watu walikuja na flashi za kila namna. Yule mwalimu wa sekondari, mitihani yake ilikuwa inatokea na majina yaliyoharibiwa na virusi, viboksi na mikwaruzo mitupu, na wewe unamuuliza mbele ya foleni, "Mwalimu, flashi hii jana imelala wapi?" Alikuwa anacheka mpaka anashika meza. Alikuja wiki iliyopita, akachungulia, akaona kiti kina karatasi, akaondoka bila kuchapisha kitu.

Sasa nije kwa Skola.

Mwaka jana, wakati wa mvua za vuli, alisimama pale kaunta mwanamke mrefu, kitenge cha kijani, mfuko wa korosho mkononi. Akasema shikamoo. Wewe ukaangusha stepla. Ukaniambia, "Huyu mgeni wangu wa nyumbani, kutoka Masasi." Mie sikuuliza kitu, lakini Mzee, masikio. Masikio yako yale yaliyosimama, ambayo hata mwenyewe ulikuwa unayatania kwenye picha za pasipoti, yalikuwa yamesimama pembeni ya kilemba cha mtu mwingine. Mlikaa kwenye benchi la nyuma mchana wote, mkila korosho na kuongea Kimakua, na mie nikafanya kazi ya watu wawili. Wakati wa kuondoka alikuita Baba. Alilisema taratibu, kama mtu anayejaribu kiatu dukani.

Alipokwisha kupanda bodaboda ukabaki umesimama. Kisha ukasema, "Sikumlea, Rukia. Nilikuja mjini nikamsahau kwa makusudi." Nilitamani usingeniambia. Nilikuwa nakuheshimu kwa namna moja na ghafla ilinibidi nijifunze namna nyingine.

Wiki iliyofuata uliandika karibu saa nzima bila kuinua kichwa, halafu ukaniita. Wasifu wako ulikuwa tayari tangu zamani. Ulikuwa umeandikia watu wengi wa huku Kimara wasifu wa kusomwa msibani, ukaona bora na wako uuache tayari, usije ukasemwa na watu wenye haraka. Sasa ulikuwa umeuongezea kitu. "Nakala zipo mbili," ulisema. "Siku ikifika, toa ile yenye nyota." Mie nikakwambia acha mambo hayo, Mzee, nikaenda kumhudumia mtu wa lamination. Sikuifungua. Sikutaka kuonekana mmbea.

Ulipoanguka na kufariki, Joyce na ndugu zake walipigia watu wote waliomo kwenye simu yako, lakini Skola hakuwemo kwa jina lake. Alikuwa kwenye daftari la kaunta, "S. nyumbani". Nikampigia mie. Nikasikia kuku nyuma yake. Halafu akauliza swali moja tu.

"Nitatajwa?"

"Utatajwa," nikamjibu. "Kaandika mwenyewe, nimeona kwa macho yangu."

Sikuwa nimeona. Nilikuwa nimeambiwa tu. Lakini nilitaka aje, na ulikuwa umeniambia, na neno lako kwangu lilikuwa sawa na kuona. Akapanda basi siku ileile.

Asubuhi ya maziko Joyce alikuja dukani. Alitaka wasifu uwe na picha yako ya rangi kwenye jalada, na printa yetu ni ya rangi nyeusi tu, kwa hiyo ilibidi kwenda kuchapisha kwenye steshenari nyingine, kule Kimara Mwisho. Nikachagua folda yako yote nikaihamishia kwenye flashi yake. Kisanduku kikatokea. Kisanduku kilekile nilichokiona mara elfu. Machozi yalikuwa yamejaa, Joyce yuko mgongoni kwangu anasema, "Dada Rukia, fanya chap, gari la kanisani linasubiri," na mie nikabonyeza ruka.

Kule nilikokwenda nilifungua flashi, nikaona "Wasifu wangu". Bila nyota. Hapo ndipo ningezinduka, Mzee, na hapo ndipo nilipojidanganya. Nilijiambia, bila shaka, flashi imemvua nyota. Miaka tisa nakujua wewe na najua flashi, na najua flashi haimvui mtu kitu. Sisi ndio tunaovua, yenyewe inafunga mlango tu. Mtu asiyejua kazi hii angefungua asome kwa sababu hana uhakika. Mie niliyeijua nikaona jina nikaridhika. Zikatoka nakala mia na ishirini, picha yako imekaa vizuri, tabasamu lile la upande mmoja.

Wasifu aliusoma shemeji yako, pale nyumbani kwako. Alisoma vizuri, polepole. Ulizaliwa wapi, ulisoma wapi, ofisi ulizofanyia kazi. Akafika pale: "Marehemu ameacha mjane na watoto watatu, Joyce, Deo na Anita." Nikadhani amekosea kusoma. Nikafungua karatasi yangu. Watatu. Skola alikuwa amekaa nyuma, kwenye mkeka na akina mama, anafuatisha maandishi kwa kidole. Kidole kikasimama. Akainua uso, akanitafuta mpaka akanipata, na mie niliinamisha kichwa. Hilo ndilo linaloniamsha kila siku kabla ya adhana, kwamba niliinamisha kichwa.

Makaburini ikawa ni zamu ya kuweka mashada. Akaitwa mjane. Wakaitwa watoto wa marehemu, na Skola akapiga hatua, ua jekundu mkononi, lile alilonunua mwenyewe getini. Halafu mshereheshaji akaanza kuwaita kwa majina, mmoja mmoja, kutoka kwenye karatasi niliyoichapisha. Skola akarudisha mguu. Walipomaliza akanisogelea akanipa lile ua. "Niwekee wewe, dada," akasema. Nililiweka zamu yetu ilipofika, ya majirani na wafanyakazi wenzako. Jioni hiyohiyo alienda kulala kwa mtu Mbagala, alfajiri akapanda basi la kurudi kwao.

Siku ya tatu nilifungua duka. Nikawasha kompyuta, nikaingia kwenye folda yako, na nyota ilikuwa pale pale. Nikafungua. Niliyasoma maneno yako nikiwa nimesimama, na leo nayajua bila kuyatazama: "Marehemu alijaliwa watoto wanne. Wa kwanza ni Skolastika, aliyezaliwa Masasi kabla ya ndoa, na ambaye marehemu hakumlea. Marehemu anaomba atajwe wa kwanza, kwa kuwa ndiye aliyesubiri zaidi." Nikazima kioo. Nikakiwasha tena, nikitumaini sijui nini.

Tangu siku hiyo sina raha. Flashi ya mteja naifungua mara tatu. Mjumbe wa nyumba kumi ananiita Mkaguzi, anasema siku hizi kuchukua barua kwangu ni kama kuvuka mpaka. Nilikaa siku nane nikiondoa nyota zako kwenye mafaili yote ya wateja, kwa hofu lisirukwe jingine, na nilipofika nusu nikagundua sijui tena ipi ni ya mwisho. Ikabidi nianze kusoma barua za watu moja baada ya nyingine, na sasa naandika kwa maneno kabisa, "ya mwisho". Ni jina refu lakini linaingia kokote. Na kompyuta imeanza kukwaruza ndani, sauti kama ya mtu anayetafuna mchanga, nikaogopa itakufa na maneno yako humo. Nakala ya wasifu wako, niliyoivua nyota, ipo kwenye flashi tatu. Moja mkobani, moja kwenye kopo la klipu, moja nyumbani Segerea chini ya godoro. Mume wangu aliipata wakati wa kutandika akauliza ni ya nani. Nikamwambia ya kazini. Akaniangalia.

Nilimpigia Skola mara nyingi. Alipokea siku moja tu. Nikamweleza yote: nyota, kisanduku, kubonyeza ruka. Nilijisikia ninavyoongea, na kila neno lilizidi kuonekana la kijinga. Kuna mtu amesafiri siku nzima kuja kumzika baba yake, na mie namweleza habari za jina la faili.

"Dada," akaniambia, bila hasira kabisa, "mie sijasoma sana. Ila kama alisahau, alisahau. Alishazoea. Usijisumbue kumtungia."

Akakata. Hakuniamini, Mzee, na ningekuwa yeye nisingeniamini. Kuanzia hapo simu inaita mpaka inakatika.

Jumamosi iliyopita akaja Joyce na flashi yake, ile nyeupe yenye kamba. Anataka vipeperushi vya arobaini. "Tumia wasifu uleule, dada, badilisha tarehe tu na uweke ratiba ya misa." Nikasema sawa. Ndiyo, nilisema sawa. Alitoka, na mie nikabaki naitazama ile flashi kwenye kaunta kama ina meno. Mie si ndugu. Mie Mwislamu niliyekaa nyuma kanisani nisijue lini kusimama na lini kukaa. Nani kanituma kuingiza mtoto kwenye nyumba ya watu yenye msiba? Nyumba ambayo mama anaitwa Mama Joyce, na wewe ulikuwa Baba Joyce, na hata bango la duka limeandikwa hivyo. Nikisema, Joyce atanichukia na duka ni lao, nitafukuzwa. Nikinyamaza, utakuwa umekatwa neno mara mbili, na hii ya pili kwa mkono unaojua unachofanya. Siku tatu sikula vizuri. Chai ilikuwa inapoa mezani mpaka inaota ngozi.

Jumanne nikaenda kwa Mama Joyce. Nilimkuta uani anachambua mchele, amevaa nyeusi, redio imezimwa. Nikamwamkia, nikakaa chini, nikasema nina kosa nimekuja kulikiri. Nilipofika kwenye jina la Skolastika mikono yake haikusimama. Aliendelea kuchambua.

"Yule wa ua jekundu," akasema.

Nikamwambia ndiye.

"Nilimwona pale makaburini. Nimelala pembeni ya masikio yale miaka thelathini na nane, niyakose kweli?" Akapuliza makapi. "Nikasubiri jina lisomwe. Halikusomwa. Nikasema basi, Lukas kaamua kuondoka nalo."

"Hapana, mama. Aliandika."

"Aliandika?"

"Aliandika. Mie ndiye niliyeliacha nje."

Hapo ndipo mikono iliposimama. Akauweka ungo chini. Kisha akasema, "Basi hakuwa mwoga hadi mwisho." Akajifuta uso kwa ncha ya kanga, na sikujua kama ni kilio au ni vumbi la mchele. Nikamuuliza nifanye nini kuhusu Joyce, nikitumaini atasema mwachie mie. Hakusema. "Usimsimulie. Mkalishe asome mwenyewe. Baba yake aliandika vizuri kuliko sie tunavyoongea."

Jumatano Joyce akapita kuuliza kama vipeperushi vipo tayari. Nikaondoa rimu kwenye kiti chako nikamwambia akae. Nikamfungulia ile yenye nyota, nikasimama nyuma ya kaunta nikijifanya napanga bahasha. Alisoma, akarudi juu, akasoma tena.

"Hii kaandika baba au kaandikiwa?"

"Kaandika mwenyewe. Nilikuwa nimekaa hapa."

"Lini?"

"Mwaka jana, mwezi wa kumi na moja."

Akatazama tarehe ya faili yeye mwenyewe. Ni binti yako, haamini mpaka aone. Halafu akauliza, sauti ndogo sana, "Hapa mie ni wa ngapi?"

Alikuwa ameshasoma mwenyewe. Akainuka, akaichomoa flashi yake bila kuitoa kwa utaratibu, kitu ambacho ungemgombeza hata siku ya harusi yake, akatoka bila kuaga. Alikuwa na ule wasifu wa zamani humo. Steshenari zimejaa barabara yote ya Morogoro, angeweza kuchapisha popote. Jana kutwa nzima kila pikipiki iliyosimama nje nilidhani ni mtu kaletwa kuchukua funguo za duka. Nilimuuliza Mama Joyce kwa simu, akaniambia tu, "Mwache." Sijawahi kuogopa neno fupi hivyo.

Leo saa sita akaja. Macho yamevimba. Akaweka flashi juu ya kaunta, akabaki ameishikilia kamba.

"Jalada libaki Baba Joyce," akasema.

"Sawa, dada."

"Hilo halibadiliki. Mtaa mzima unamjua hivyo."

"Na ndani?"

"Ndani si kaandika mwenyewe?"

Nikageukia kompyuta kabla hajabadilisha mawazo. Akauliza kama huyo Skola ana watoto. Nikamwambia wawili, wa kiume na wa kike. Akawa anazungusha ile kamba kwenye kidole. "Kwa hiyo mie mama mdogo," akasema, si kwangu. Mzee, laiti ungemsikia. Binti yako aliyekuwa wa kwanza kwa miaka yote hiyo alijipa cheo cha mdogo mtu, akiwa amesimama pale ulipokuwa unawekea chai.

Nikamvua nyota mbele yake. Nikaandika, "Wasifu wa Mzee, wa mwisho". Nikahamisha. Hakuna kisanduku kilichotokea. Nikachomoa kwa utaratibu, nikachomeka kwenye kompyuta ndogo, nikafungua, nikasoma, na Joyce akasoma begani kwangu, neno kwa neno, mpaka tulipofika kwenye jina nikasikia pumzi yake. Tukaenda wote Kimara Mwisho. Nimezisoma zote mia na ishirini, Mzee. Mhudumu wa kule alidhani nina matatizo. Zipo hapa mezani, zimefungwa kwa mpira, na kila baada ya muda nachomoa moja katikati nahakikisha bado wako wanne.

Saa nane niliupiga picha ule ukurasa nikamtumia Skola kwa simu. Sikuongeza maneno yangu, kwa sababu yangu hayaamini tena yeye. Zikatokea alama mbili, zikageuka bluu. Amesoma. Hajajibu. Nimepiga mara tatu, inaita tu. Misa ni kesho saa tano asubuhi, na mabasi ya usiku kutoka Masasi siku hizi yapo, akitaka anafika. Akitaka. Simu iko hapa mbele yangu, kioo juu, na nimeandika barua hii yote nikiitazama kila mstari.

Mama Joyce ameshamwandalia pa kulala. Ameniambia nisimwambie Skola hilo, asije akajiona anasukumwa. Joyce ameshampa mshereheshaji karatasi mpya na kumwambia aite kwa majina, kwa mpangilio ulivyo. Kwa hiyo kesho, baada ya misa, pale makaburini utakapowekewa msalaba wenye jina lako, ataitwa mjane kuweka ua, kisha ataitwa Skolastika, mtoto wa kwanza wa marehemu. Litaitwa kwa sauti, awepo au asiwepo.

Sitakuomba msamaha kwa maneno mengi, ulikuwa hupendi barua ndefu na hii imeshakuwa ndefu. Nakuahidi hivi. Hakuna mtu atakayetoka na karatasi kwenye duka hili kabla sijaisoma, kusoma kweli, si kuangalia. Na nimenunua ua moja jekundu. Nimelitia maji kwenye kopo la kalamu zako. Kesho nitasimama palepale aliponipa lake, na jina likiitwa sitainamisha kichwa. Kama hayupo, nitatoka mie niliweke, na nitasema kwa sauti ni la nani. Kama yupo, atakuwa na la kwake mkononi, na hili halitakuwa na kazi.

Kwaheri, Mzee wangu. Niombee nirudi nalo nyumbani.

Rukia